Waya Kati ya Baba na Mkamwana

Simu yangu haiiti mpaka niwe na unga mikononi. Nikikaa bure inalala kama mzigo, hata wa kukosea namba hapigi. Nikianza kukanda chapati, dunia nzima inanikumbuka. Siku hiyo nilikuwa nimekanda unga wa kutosha jeshi, maana mimi kukanda kidogo sijui, ikaita, nikaipokea kwa kiwiko. Alikuwa Mwita, fundi simu wa Isebania upande wa Kenya, mdogo wake Robi. Mwita ni mtu wa kelele, akikusalimia, hata ng'ombe wa jirani wanaitikia. Safari hii alisema shikamoo kwa sauti ndogo mpaka nikaweka mkono kifuani na unga wake. Akasema, "Dada Bhoke, Robi ametuacha." Nikamjibu sawa. Hivyo tu, sawa, kama mtu aliyeambiwa chumvi imeisha. Nikarudi kukanda ule unga mpaka ukawa mgumu kama tairi la trekta, na chapati zilizotoka pale mbwa alizibeba kwa adabu akaenda kuzifukia nyuma ya choo.

Robi alikuwa wifi yangu mwaka mmoja tu. Watu wanakaa na mawifi zao miaka arobaini hawana cha kusimulia zaidi ya kugombania mwiko, mimi nilikaa na wangu mwaka mmoja na mpaka leo sijamaliza kuusimulia. Nimeusimulia vibaya pia, nakubali, maana mimi nikisimulia kitu lazima nikinenepeshe kidogo, si unajua mtu aliyekonda hapendezi. Lakini huu wa leo nitajitahidi kuuacha na mwili wake wenyewe. Nikizidisha kwenye mbuzi na baridi mnisamehe. Kwenye Baba na Robi sizidishi.

Kwetu Itiryo asubuhi kuna baridi ambayo ukitema mate yanafika chini yamevaa sweta. Robi aliletwa msimu wa mavuno, akitoka upande wa Kenya ambako alikuwa amesomea mambo ya kompyuta chuoni. Kaka yangu Marwa alikaa naye wiki chache za mapenzi, akarudi zake mgodini. Mama alikuwa ametangulia zamani. Kwa hiyo mji wote tukabaki watatu: mimi niliyekuwa nimeolewa nikarudi na godoro langu, Robi, na Baba. Na Baba yangu alikuwa mtu wa sauti. Akiita ng'ombe kutoka mlangoni, ndama walikuwa wanaacha kunyonya kusikiliza, na ng'ambo ya mpaka watu wanauliza, kuna nini Tanzania leo. Basi Robi akiwa hajamaliza hata sabuni aliyokuja nayo, kiharusi kikamkuta Baba kwenye zizi. Upande wa kulia ukalala, mdomo ukapinda, na ile sauti ikaisha. Sijui ilikwenda wapi sauti kubwa namna ile. Kitu cha ukubwa ule hata ukikitupa kinatakiwa kionekane mahali.

Sasa lazima nikueleze heshima ya kwetu, maana bila hiyo hutaelewa chochote. Mkamwana na baba mkwe hawaangaliani usoni. Hali naye, hakai naye chumba kimoja, na pale anapolala baba mkwe mkamwana hakanyagi, hata nyumba ikiwaka moto unamwita mwingine. Wakikutana njiani kila mmoja anakwenda porini upande wake. Na Baba ndiye alikuwa mshika sheria mkuu. Kabla hajaugua, siku moja alimwona Robi anatoka mtoni na ndoo, akaingia kwenye migomba akakaa huko muda mrefu mpaka nikadhani ameanza kupalilia. Watu wa leo wanaona kama ni chuki. Si chuki. Ni kama unavyobeba yai, kutolishika kwa nguvu si kwa sababu hulipendi.

Shida ikawa hivi. Mimi siku za soko nilikuwa nashuka Sirari na ndizi zangu, bila hivyo hatuli. Nikiondoka, Baba yuko peke yake kitandani, hawezi kuita, na Robi yuko jikoni upande wa pili wa uwanja, hawezi kuingia. Nikirudi ndipo nageuza, nalisha, nabadilisha. Siku moja nilirudi nikakuta kikombe kimeanguka, uji umekauka shingoni, nzi wamekaa kwenye kidevu cha Baba kama wana mkutano. Alikuwa ametaka maji tangu asubuhi. Robi alikuwa jikoni siku nzima, hatua chache tu, anapepeta mtama, na hakusikia kitu. Nilipomwambia aliweka ungo chini. Hakulia kwa sauti. Alikaa kwenye kigoda akashika magoti, machozi yanaanguka kwenye mtama, nami kwa kuwa ndimi mchekeshaji wa mji nikasema basi leo ugali hatutatia chumvi. Hakucheka. Akasema, "Wifi, mimi nimesoma miaka yote hiyo, na mtu anakufa kiu hapo ng'ambo ya uwanja."

Kesho yake akafungua gunia alilokuja nalo, ambalo mimi nilidhani lina nguo. Akatoa laptopu iliyokosa herufi mbili kama kibogoyo, isiyokaa na moto mpaka uifunge kwenye betri ya sola. Akatoa na ubao mdogo, si mkubwa kuliko maboksi mawili ya kiberiti, una vijimiguu kama tandu na vijitaa kama macho ya panya. Akanieleza kwamba ule ubao una akili kidogo, si nyingi, kama ya mume wangu wa kwanza: ukiufundisha jambo moja unalifanya hilo hilo mpaka kiama. Kazi yake ni kuhisi na kusema. Unafungiwa sensa, ndiyo vitu vya kuhisi, halafu unatuma habari kwa waya, na laptopu inasikiliza upande wa pili. Baba mdogo Nyamhanga, mdogo wake Baba, alikuwa amekaa mlangoni anakunywa maziwa. Kusikia sensa inafungwa kwenye mji wa kaka yake, aliondoka taratibu, na jioni tukasikia amehamishia ng'ombe wake nusu kwa shemeji yake wasije wakahesabiwa.

Ile lugha ya kuiambia laptopu cha kufanya inaitwa Java. Nilimpelekea Baba habari, kwamba mkamwana wako anaongea Kijava na mashine. Baba akapinda mdomo wake uliokwisha pinda, akaniuliza polepole kama hao Wajava wanalipa mahari ya ng'ombe. Nikampelekea Robi swali, akacheka mpaka akaegemea ukuta wa moshi akatoka na mgongo mweusi. Hicho ndicho kilikuwa cheo changu mwaka ule: daraja. Baba anasema, nabeba. Robi anasema, nabeba. Na kwa kuwa ni mimi, vingine vilifika vimeongezeka uzito.

Robi aliandika Kijava chake siku nyingi, laptopu imekaa juu ya gunia la mahindi, yeye amekaa chini, moshi wa jiko unampita kichwani kama hana habari. Mimi napika, naye ananiongelesha bila kugeuka. Waya ulikuwa tatizo. Ule uliokuja na ubao ulikuwa mfupi kama kamba ya mbuzi mkorofi, na uwanja wetu ni mpana. Akaagiza kwa Mwita waya wa simu wa zamani, tukaupitisha ndani ya mpira wa maji tukaufukia uwanjani, kutoka kitanda cha Baba mpaka jikoni, maana mbuzi wetu hawachagui, wangekula hata umeme. Mara ya kwanza alipowasha, kwenye kioo yakaja madudu: mikia, nyota, alama zinazofanana na jogoo amechakura. Nikasema hiyo ndiyo lugha ya mababu, tuite mganga. Robi akasema hapana, ni mwendo tu. Ubao na laptopu lazima wapatane mwendo wa kuongea, mmoja akienda haraka na mwingine polepole, anachosikia ni uchafu. Na tena waya mrefu hautaki haraka. "Nitawafanya waongee polepole wote wawili," akasema, "ili neno lisichoke njiani." Akapunguza huku, akapunguza kule. Madudu yakakoma, likaja neno moja limenyooka. Nikamuuliza linasema nini. Akasema linasema KIMYA, maana Baba amelala hajatikisika.

Ilikuwa hivi ilivyofanya kazi. Chini ya godoro kulikuwa na kidude chembamba kama sarafu kinachohisi mtikisiko. Mtu akijigeuza, akikohoa, kioo kinaandika kwamba godoro linatikisika. Akitulia muda, kinaandika KIMYA. Na karibu na mkono wa kushoto, ule mzima, Robi alinifundisha nifunge kitufe kwenye mbao ya kitanda. Akibonyeza mara moja ni maji. Mara mbili, njaa. Mara tatu, namtaka Bhoke. Ubao unahesabu, unatuma hesabu, na Kijava cha Robi kinageuza hesabu kuwa neno. Juu ya kitufe kulikuwa na taa nyekundu ndogo kama punje ya mtama. Robi akisoma neno jikoni, anabonyeza herufi moja, R, ya jina lake, na ile taa inawaka kwa Baba. Maana yake nimesikia.

Mimi na uvivu wangu nilimshauri aiache taa iwake yenyewe Baba akibonyeza, si mashine ina akili, apumzike. Alinikatalia kwa ukali ambao sikuuzoea kwake. "Hapana, wifi. Hiyo taa ni mimi. Akiiona ajue kuna mtu."

Kikabaki kitu kimoja: maji yanaingiaje kama mimi niko Sirari? Kichwani kwa Baba kulikuwa na dirisha la mbao. Robi akauliza kama anaweza kusimama nje, uso ameugeuzia shambani, akapitisha kikombe kwa mkono. Hilo si jambo la kuamua wanawake. Baba mdogo aliitwa, akaja na wazee wawili, wakala kuku wangu mzima isipokuwa kelele zake, wakajadili mkono wa mkamwana kuanzia mchana mpaka ng'ombe wanarudi. Mmoja alisema mkono ni mtu. Mwingine akasema mkono hauna macho. Wakabishana kama kiwiko kiko ndani ya heshima au nje. Mwisho Baba mwenyewe kule kitandani akapiga ukuta kwa kiganja, nikaenda kumsikiliza, nikarudi na hukumu: mkono uingie, uishie kwenye kiwiko. Wazee wakasema ndivyo walivyokuwa wanataka kusema.

Siku ya kwanza Baba alikunywa maji mpaka nikaogopa kule Serengeti bwawa la Manchira litakauka. Alikuwa hana kiu. Alikuwa anataka kuona taa. Anabonyeza, anasubiri amekodoa macho, ikiwaka kifua kinapanda kama cha jogoo. Nilikaa naye pale, chumba kinanuka dawa ya kuchua na ngozi ya ng'ombe, mwanga wa dirisha umeanguka kwenye blanketi lake la mistari, na mkono wa Robi unaingia na kikombe, bangili moja ya shaba, vidole vina unga. Baba anageuza uso ukutani mpaka mkono utoke. Kisha anakunywa. Miezi mingi niliiona hiyo, na nakwambia, nimeona maharusi wanalishana keki mbele ya kamera, hawakufika hapo.

Halafu jioni moja Robi akaniita. Kioo kilikuwa kimeandika SIJUI. Akasema baba amebonyeza mara nne, na nne yeye hakuiweka. Tukadhani amekosea. Ikaja tena, SIJUI. Akanituma nikaulize nne ni nini. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikasubiri maneno ya Baba, maana wakati huo neno lake moja lilikuwa linatoka kama ndama wa kwanza, kwa taabu na kwa miguu. Akasema uji. Nikasema uji ni mara mbili, Baba. Akatikisa kichwa akakasirika, akavuta pumzi. "Uji wa mkono ule," akasema. "Mwambie asante."

Nilivuka uwanja nikamwambia Robi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuongeza hata herufi. Akafuta mikono kwenye kanga, akafungua Kijava chake, akaandika mstari. Akaniambia njoo wifi, gusa hapa wewe, hiki cha mwisho. Nikagusa kwa kidole chenye masizi. Muda mfupi kule Baba akajaribu tena, na kwenye kioo ikatokea, Robi akanionyesha kwa kidole herufi moja moja: ASANTE. Mimi sikupelekwa shule, nilipelekwa malishoni. Neno la kwanza kulisoma duniani ni hilo, jikoni, dagaa wakiungua. Hapo ndipo nilipoanzia, hayo mengine unayoyasoma hapa yalikuja nyuma yake.

Tangu siku hiyo walikuwa wanaongea wale wawili. Si mengi. Asubuhi uji ukiingia, nne, na taa. Jioni kabla ya kulala, nne, na taa. Siku Robi alipopika kisamvu cha karanga zilikuja nne tatu mfululizo, nikamtania kwamba baba mkwe wake sasa anapenda kisamvu kuliko mwanaye, na hakukataa. Robi mwenyewe alianza kuimba akipika, za kwao kule, na Baba kule ndani godoro linatikisika kwenye kioo, anasema anaona Baba anacheza. Nilikuwa katikati yao nikijiona sina kazi tena. Daraja halina wivu, lakini mimi nilikuwa nao kidogo.

Siku yenyewe ilikuwa ya soko. Niliondoka asubuhi, nikamwacha Baba amenyolewa, amekunywa uji, ametuma nne yake. Sirari nilikuwa nauza vizuri, nina maneno mengi, mteja akija kuuliza bei anaondoka na mkungu na hajui ilikuwaje. Simu iko kwenye sidiria na haikuita. Watu wa mpakani mnajua: pale ukisogea hatua moja mtandao wa Kenya unakunyakulia simu, ya Tanzania inaambiwa hupatikani. Robi alikuwa ananipigia. Alinieleza baadaye yote, kwa mpangilio, kama anavyoeleza Kijava.

Ilianza tatu. Namtaka Bhoke. Akabonyeza R, taa ikawaka, akanipigia, sipatikani. Tatu tena. Akachota maji akaenda dirishani, akapitisha mkono, akashika kikombe pale hewani, hakuna aliyekipokea. Akakimbia kwa jirani, wako shambani. Akarudi jikoni. Tatu. Halafu kioo kikaandika KIMYA, na KIMYA ikakaa. Akasimama mlangoni kwa Baba, akaita hodi, akaita hodi, miguu yake nje. Kisha Robi akaingia.

Na Baba alisikia miguu. Alikuwa anaijua ile miguu, mwaka mzima alikuwa anaisikia uwanjani. Akachukua mkono wake mzima, ule ambao ulikuwa unamtafuta binti yake, akavuta blanketi la mistari akafunika uso. Akatulia tuli kama anavyotulia baba mkwe mkamwana anapopita, wala pumzi haitoki. Hiyo ndiyo heshima aliyokuwa nayo. Mtu anakata roho na bado anampisha mkamwana wake njia.

Robi alipotazama aliona mtu amelala amenyooka, uso umefunikwa. Kwetu aliyefunikwa uso ni nani? Hakugusa, angegusaje. Akatoka mbio mikono kichwani akapiga yowe, lile la msiba, linalopokewa mji kwa mji. Watu wakatupa majembe. Baba mdogo akafika wa kwanza, akauliza nani ameona, Robi akasema mimi, na pale pale mambo yakawa mawili badala ya moja. Baba mdogo akavuta mlango akaukalia, akasema haingii mtu mpaka wazee wafike, nyumba hii imeingiliwa vibaya.

Mimi nilikutana na yowe njiani, nimepanda bodaboda na ndizi zilizobaki. Nikaruka kabla haijasimama. Sikwenda kwa Baba. Miguu ilinipeleka jikoni, maana mwaka mzima habari za Baba nilikuwa nazipata pale. Robi amekaa chini amezungukwa na wanawake, ameufunika uso kwa kanga. Laptopu iko juu ya gunia lake la mahindi, hakuna anayeiangalia, nani ana habari na kompyuta msibani. Nikaangalia mimi. Chini ya KIMYA kulikuwa na mistari. Godoro linatikisika. ASANTE. Godoro linatikisika. ASANTE. Nikamvuta Robi kanga usoni. Aliangalia, nami nikaona uso unampauka kama jivu. Akasema, "Nilipotoka hapa ya mwisho ilikuwa KIMYA."

Nikamrukia Baba mdogo pale mlangoni. Wanasema nilimnyanyua na kigoda chake, mimi husema nilimrusha mpaka kwenye paa, ukweli sikumbuki. Nikamfunua Baba. Alikuwa wa moto. Alikuwa wa moto kabisa, jasho liko puani, na kidole gumba cha kushoto kiko juu ya kitufe. Lakini hakuwepo tena. Nikainua macho nikaona ile taa, punje ya mtama. Haikuwa imewaka. Mwenye kuiwasha alikuwa nje anamlilia.

Wazee walikaa kumhukumu Robi siku tatu za msiba. Ameingia anapolala baba mkwe, na amemlilia mtu aliye hai. Kwetu kumlilia aliye hai ni kumfukuza. Nilisimama mbele yao nikasema yote, nikasema mara nne maana yake ilikuwa nini. Wakasema mashine haitoi ushahidi. Marwa alifika kutoka mgodini, akamzika Baba, akamwangalia mke wake kama anaangalia barabara. Robi mwenyewe hakujitetea. Asubuhi moja alifunga laptopu kwenye gunia lake arudi kwao. Ubao hakuuchukua, kilicholala na baba mkwe mkamwana habebi, akanipa mimi. Nilimfungia ugali na samaki mkavu kwa ajili ya njia, nikamsindikiza mpaka kwenye mteremko, nikatafuta utani wa kumwambia. Mimi, ninayechekesha mpaka maiti, sikupata hata mmoja.

Tulibaki watu wa simu. Aliniuliza bei za ndizi, nikamuuliza watoto, maana aliolewa tena, akapata wawili. Ile siku hakuitaja kwa miaka, mpaka mwaka jana alipoanza kuumwa. Akaniambia, "Wifi, unafikiri alijua ni mimi niliyeingia?" Nikamwambia angekuwa mwingine asingefunika uso. Nikasikia jogoo wa kwao anawika ndani ya simu yangu. Akasema haya, salamu kwa mbuzi.

Nilivuka kwenda kumzika. Walimweka uso wazi, watu wakapita kumwangalia, nami nikamwangalia kwa muda wangu na wa Baba. Baada ya watu kutawanyika Mwita akanipeleka kwenye kibanda chake cha simu, chumba ambacho ukipiga chafya inabidi ufungue mlango. Nikatoa ubao kwenye pochi, na kitufe chake, na taa yake, nilikuwa nimeviviringisha kwenye kipande cha lile blanketi. Nikauliza kama laptopu ya Robi ipo. Mwita akasema ilikufa zamani, na vyote vilivyokuwa ndani vilikwenda nayo. Lakini akafungua ya kwake, akachomeka. Kwanza yakaja madudu, mikia na nyota, akapapasa mwendo mpaka yakanyooka. Akaniambia bonyeza, dada.

Nikabonyeza mara nne. Kwenye kioo ikaja 4. Nikasubiri. Haikuja nyingine. Mwita akaniuliza, "Nne nini?"

Ndipo nilipoelewa kitu ambacho Robi alinieleza nikakipuuza. Ubao ulikuwa unahesabu tu. Ulikuwa unatuma hesabu, siku zote, mwaka mzima, hata siku ile. Lile neno lilikuwa upande wa Robi. Sasa limebaki kwangu peke yangu, mwanamke wa ndizi, na mimi nikienda itabaki nne, mtu ataiona ataitupa.

Nikamwambia Mwita nitakueleza, kaa, lakini kwanza ibonyeze R. Akauliza kwa nini R. Nikamwambia wewe bonyeza, kuna mtu amesubiri.

Akabonyeza. Ikawaka.